Mtu wa Pili

Mdogo wangu alikamatwa Jogoo Road akiwa na mkoba wa watu mkononi, kwa hiyo kuhusu mkoba hapakuwa na la kubishania. Dhamana hakupewa. Kesi iliahirishwa tena na tena hadi benchi la nje ya korti ya Makadara likanizoea.

Hapo ndipo wakili tuliyemchangia alipotueleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi. Mwenye mkoba alitishwa tu, hakupigwa, na silaha haikuonekana. Mwizi akiwa peke yake, ni kifungo. Wakiwa wawili, hata yule wa pili akitoroka asipatikane, ni wizi wa mabavu, na adhabu yake ni kitanzi. Hakimu hana ruhusa ya kupunguza.

Mimi nauza matumbo soko la Burma. Neno silinunui kabla ya kuligeuza. "Wawili tu?"

"Wawili, ndugu yangu. Si lazima wafike watatu."

Mwenye mkoba alikuwa ameshasema aliona mmoja, ila alisikia miguu ya mwingine. Shingo ya mdogo wangu ilikuwa imening'inia kwenye hiyo miguu.

Halafu kulikuwa na mama. Angeitwa kusema mdogo wangu alitoka nyumbani peke yake, na ni kweli alimwona. Lakini mama alikuwa na wimbo wake wa miaka yote: mtoto hana neno, ni marafiki wanamharibu. Aliwaimbia majirani, akamwimbia pasta, akawaimbia hata polisi walipokuja kupekua. Mama gani Eastlands hana huo wimbo?

"Mama, leo hana marafiki," nikamwambia.

"Kwani nilimlea jangwani?"

"Siku hiyo uliwaona?"

"Sikuwaona. Lakini mtoto wangu hawezi kufanya hayo kwa akili yake."

"Kama si akili yake, mama, basi walikuwa wawili, na watamnyonga."

Nimepunguza bei maisha yangu yote. Siku hiyo nilikuwa napunguza watu.

Kortini, kiongozi wa mashtaka alimwuliza kwa upole, kama anayemkaribisha chai: "Mama, si ni wenzake waliompoteza?"

Mama alimtazama mdogo wangu kizimbani. Niliona wimbo ukimfika mdomoni. Akaumeza.

"Alitoka peke yake. Sikuona mwenzake. Ana akili yake."

Hakimu alisema hiyo miguu haikumridhisha. Mdogo wangu akapata miaka, mingi, lakini ya kuhesabika.

Jioni mama mmoja wa kanisa alituletea sukari, akaketi, akaanza: "Pole dada, ni hawa marafiki…"

"Hapana," mama akasema, akimsogezea kikombe. "Ni mwanangu."