Tangulia Wewe, Shemeji

Mansour, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, aliutangazia mtaa wake wote wa Hounslow, huko ughaibuni, kwamba Mpemba hafundishwi kuzamia. Kwamba kozi ya kupiga mbizi aliifaulu mara ya tatu, hilo hakulitangaza.

Usiku mmoja akazama na Muhiddin, kaka wa mkewe, hadi kwenye meli iliyolala mita arubaini chini ya bahari. Kiza totoro. Tochi zikamulika mlango wa kupita mtu mmoja. Mwalimu alishawaonya: theluthi ya hewa ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya balaa, na atakayepanda mbio atapooza.

Muhiddin akanyoosha mkono: karibu, tangulia. Mansour, aliyefunzwa adabu akafunzika, akanyoosha wake: hasha, wewe mkubwa. Wakakaribishana hivyo mpaka hewa ya kwendea ikaisha. Wakapanda taratibu, meli hawakuiingia.

Alfajiri, Hounslow, Mwanabaraka akamfungulia mumewe mlango.

"Pita, shemeji," akasema Mansour.

"Hasha, nyumba yako. Tangulia."

"Wallahi sitangulii."

"Mnaniingizia baridi," akasema Mwanabaraka, akaufunga mlango.

Wakatazamana.

"Haya," akasema Mansour, "bisha hodi wewe, mkubwa."