Saa Isiyo na Betri

Baba alipostaafu ualimu, mwishoni mwa miaka ya tisini, alijinunulia saa ya mkono ya bei ghali, ya mtindo wa kizamani, isiyo na betri. Mwaka alipougua, ikaanza kusimama kila siku. Nilikasirika. Nikamwambia Mama kwamba Baba aliuziwa takataka, nikaivua mkononi mwake na kuipeleka kwa fundi wa saa Machakos mjini.

Fundi aliivaa, akaendelea na kazi yake. Saa ikatembea vizuri.

"Haina shida," akasema. "Inajitia ufunguo yenyewe, bora mkono unasogea. Mwenye saa yuko aje?"

Nilirudi nyumbani, nikamvisha Baba saa yake, nikaketi kando ya kitanda nikiuinua mkono wake na kuushusha, nikiuinua na kuushusha.