Shimo la Mkwe wa Mgbafo

Mume wangu Ozoemena alichimba makaa ya mawe Enugu miaka kumi na tisa, na ukimpa koleo hajui kuacha. Vita vya Biafra vilipoanza, yeye na wenzake wa mgodini waliingia jeshini, wakaambiwa wachimbe handaki. Wakachimba, wakasimamisha nguzo, wakaezeka dari, wakazidi kushuka. Kapteni akaja kuchungulia.

"Nyie! Adui yuko huku juu! Mtampigaje risasi kutoka huko?"

Wakafukia nusu kwa aibu.

Enugu ilipotekwa nilikimbilia kwa mama yangu, Mgbafo. Ozoemena akapewa likizo ya siku tatu, akatukuta huko, na ndege za adui zilikuwa zimeshapiga mabomu soko la jirani. Hata viazi vikuu sijaviepua, yuko nyuma ya nyumba na koleo. Siku ya tatu shimo la kujificha mabomu likawa tayari, lina ngazi na dari ya magogo ya mchikichi. Mama akakataa katakata.

"Mkwe wangu, mimi shimoni nitaingia siku moja tu, na siku hiyo nitabebwa."

"Mama, gonga dari kwa fimbo kwanza. Ikilia kama ngoma, imelegea, toka mbio. Ikilia nzito, kaa."

"Nibishe hodi kaburini? Kwa nani?"

Nilitamani kuwapiga wote wawili. Lakini alipoaga, Ozoemena alinyakua kopo la mama la tumbaku ya kunusa, akalificha kule chini. Mama akautukana ukoo wao mzima, kisha akashuka, maana bila tumbaku haishi. Akagundua kwamba kule kwenye ubaridi tumbaku haikauki, inabaki kali. Kopo likakaa hukohuko. Mara tano kwa siku mama anashuka, anagonga, ananusa, anatukana.

Ndege zilikuja mchana, mimi niko mtoni. Nilirudi mbio nikakuta nyumba haina paa, jiko halipo. Niliita, kimya. Nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Ndipo ardhi ikapiga chafya.

"Mama!"

"Usishuke! Bado nasikiliza dari." Ko, ko, ko. "Haya, nzito. Ego mwanangu, mwandikie mumeo."

"Nimwambie asante?"

"Asante ya nini, mwizi wa tumbaku! Mwambie arudi mzima, nimtukane ana kwa ana."

Niliandika hivyohivyo, machozi yakidondokea karatasi, sikubadilisha hata neno.