Nani Alikutaja?

Mtaani walimwita Daktari, na jina hilo lilimponza. Jirani mmoja aliwahi kumgongea alfajiri akiwa amebeba mtoto mwenye homa, ikabidi aelezwe kwa upole kwamba dada huyu ni daktari wa uchumi, hata sindano hajui kuishika. Yule mama aliondoka akinung'unika, basi amesomea nini miaka yote hiyo?

Na kweli, hilo ndilo alilokuwa akilitafiti: watu wamesomea nini, na wakitoka chuo kikuu wanapataje kazi. Dodoso lake lilikuwa refu, wahitimu walilijibu wakipiga miayo, lakini swali la mwisho alilipenda kama mwanawe: "Kabla hujapata kazi ya kwanza, nani alikutaja kwa mwajiri?" Wafadhili hawakulipenda. Watu hawakumbuki, walisema, na swali lisilojibika lifutwe. Daktari aliamini kwamba bila swali hilo utafiti mzima ungekuwa uongo, kana kwamba cheti hujiendea chenyewe hadi ofisini. Akaomba wiki moja ya kulijaribu.

Ofisini kwake palikuwa na desturi: kabla ya kumhoji mtu yeyote, wadadisi walimhoji kwanza bosi wao. Zamu ilimwangukia binti waliyemwita Wembe, maana hakuwa na huruma na jibu legelege.

"Daktari, nani alikutaja?"

"Hakuna. Nilituma maombi ofisi ya takwimu, nikaitwa."

"Waliomba wangapi?"

"Wengi mno."

"Wakakuona wewe tu? Ulikuwa unang'aa?" Wenzake wakaangua kicheko. "Basi naandika hujui. Na kama mwenye swali hajui, wafadhili wana haki."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake alimfuata mkuu wake wa zamani wa ofisi ya takwimu, mzee mstaafu ambaye siku hizi anafuga kuku na kuwagombeza kama alivyowagombeza makarani wake.

"Maombi yalijaa gunia," mzee alimwambia. "Yako niliyachomoa kwa sababu ya friji."

"Friji?"

"Ya ofisini iliharibika. Fundi alipomaliza akaniambia, 'Mzee, nina binti yangu ameomba kazi hapa. Kama hafai, mwache. Ila msome tu.' Nikakusoma. Ukafaa."

Daktari alimjua fundi huyo. Ndiye aliyemwoa mama yake baada ya baba kufariki, yeye akiwa darasa la tatu, na tangu siku hiyo alimwita Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita. Ndiye aliyemsomesha. Kwenye fomu zote za shule aliandikwa mlezi, na hakuwahi kulalamika.

"Alisema binti yangu?"

"Ulitaka aseme binti wa nani? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, au hilo hukulikuta vitabuni? Tena aliniapisha nisikwambie, eti utadhani umeingia kazini kwa mlango wa friji."

Daktari alicheka, kisha machozi yakamtoka palepale mbele ya kuku. Alishukuru kwamba mzee yu hai wa kumwambia, akashukuru zaidi kwamba Fundi naye yu hai wa kuambiwa.

Wembe alikuwa akimsubiri ofisini na dodoso lake.

"Nani alikutaja?"

"Fundi wa mafriji."

"Uhusiano? Kuna mzazi, ndugu, mwalimu, jirani, mtu mwingine."

"Mzazi."

Wembe aliandika. Tangu siku hiyo kila mhitimu alipewa nafasi ya kwenda kwanza kuulizia nyumbani na kwa mwajiri wake, na majibu yakaja kwa wingi hata wafadhili wakanywea. Swali likabaki.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ileile Daktari alikwenda nyumbani kwa mama yake. Fundi alikuwa kibarazani, amekaa kwenye kigoda nyuma ya friji ya mteja, bisibisi mdomoni.

"Shikamoo, baba."

Fundi aliinua uso, kisha akageuka kutazama mlangoni, amwone huyo baba anayesalimiwa. Hapakuwa na mtu. Akaitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwenye suruali, akaifuta tena.

"Marahaba, mwanangu."