Kwapa Halijui Aibu

Walipokwisha kunikata titi la kushoto, daktari aliniruhusu nirudi nyumbani kwa masharti: mshono usiguse maji, mkono usinyanyuliwe juu, na kwapa lisafishwe kila siku kwa kitambaa, maji ya uvuguvugu na sabuni. Sharti jingine nilijiwekea mwenyewe: kifua hiki asikione mtu, na hasa mume wangu. Nikamhamishia kulala chumba cha watoto.

Lakini kwapa halijui aibu. Siku ya tatu nilinuka beberu. Mkono mmoja haulei mwana, wala haujioshi kwapa, nikakubali mama mkwe anisafishe.

Kwetu kwa zamani, upande wa Kasoli, bafu lilizungukwa na ua wa minyaa iliyoshonana. Sasa tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, na minyaa tuliyopanda ilinifika gotini. Bafu tukalizungushia mabua ya mtama. Kila mtu pale alifuga ng'ombe, na hakuna aliyejiuliza ng'ombe hula nini.

Mama mkwe alikuwa ananifuta taratibu, nikasikia kutafuna. Ng'ombe wa balozi wa nyumba kumi alikuwa amekwisha kula ukuta wote wa upande wa njia. Na njiani walikuwa wanakuja wanaume sita kutoka shamba la kijiji, majembe begani. Kanga yangu ilikuwa mbali. Nikaanza kulia.

“Nyamaza, mayu,” akasema mama mkwe; mayu ni mama, ndivyo wazee wetu wanavyowabembeleza wakwe zao. Akatoka mpaka njiani, akafungua kanga yake ya juu, akasimama kifua wazi, mikono kiunoni.

Watatu kati yao walikuwa wameoa binti zake. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe hata usoni; akimwona kwa mbali humpisha njia. Siku ile hapakuwa na muda wa kupisha. Wawili walijitosa kwenye pamba, wa tatu akajifunika koti kichwani akaingia zizi la watu. Wengine wakakimbia kwa kuwa wenzao wamekimbia.

Alirudi akijifunga kanga bila haraka.

“Haya yangu yamenyonyesha tisa na yamelala zamani,” akasema. “Wewe umebakiwa na moja linalosimama, unalia nini? Geuka, kwapa bado.”

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Tangu hospitali sikuwa nimecheka.

Jioni nilimwita mume wangu, nikampa beseni na kitambaa, nikafungua kanga. Akachovya kitambaa, akakikamua, akaanza na kwapa.