Mfuko wa Bastola Niliojishonea

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu Maduhu, nimeketi nyuma ya pikapu ya bosi tukielekea Zagayu, bastola kiunoni, na najiona kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, umri ulio nao wewe leo. Sasa nina thelathini na mbili, na sina hakika kama hiyo inatosha kumpa mtu nasaha. Lakini baba yako ni kaka yangu, kwa hiyo wewe ni mwanangu, na Jumatatu unaanza kazi ya ulinzi na kukabidhiwa silaha. Kaka kaniambia, "Mwandikie wewe. Mimi hanisikii." Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nimezichana, maana kila moja ilinifanya nionekane mwema kuliko nilivyokuwa.

Juzi uliniuliza, "Baba mdogo, nifundishe kuchomoa bastola haraka." Sikukujibu, ukadhani nimenuna. Sikununa. Nilichoka tu ghafla, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ya zamani. Maana mimi nilijifundisha kuchomoa haraka. Nilitazama video kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikajipima kwa saa, nikarudia chumbani kwangu bastola ikiwa tupu mpaka bega likauma. Unanijua nilivyo: shati nikilikunja vibaya nalikunjua. Kitu ambacho hakuna video iliyonifundisha ni kuirudisha, na wala sikutafuta. Niliona kurudisha ni kama kufunga mlango baada ya kutoka; nani anajifunza kufunga mlango?

Kampuni ya ulinzi iliyoniajiri ilinipa mfuko wa bastola wa plastiki ngumu, mweusi, mbaya kama kopo la mafuta. Mkufunzi wetu, mzee mmoja mfupi asiyependa maneno, aliugonga kwa ukucha ukalia. "Unasikia? Huu haukunjiki. Unaifunika triga yote, hapa pa kufyatulia. Usiubadilishe." Akasema pia kwamba bastola ibebwe chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ikiwa tupu; hiyo ndiyo amri ya kampuni. Nikaitika, ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Kisha nikafanya yangu.

Mfuko ule uliniudhi. Ulinibana ubavuni, ukapiga kelele nikikaa. Basi nikachukua ngozi ya ndama aliyechinjwa kwetu, nikaikata, nikaishona kwa mkono wiki nzima. Mshono mmoja ukipinda nafumua yote. Ulipokamilika ulikuwa mzuri, sikufichi, mpaka leo sijashona kitu kizuri kama kile. Na kwa kuwa babu alitufundisha kwamba kamba ya ngozi isiyopakwa mafuta hupasuka, kila Jumapili baada ya ibada niliupaka samli. Ukalainika. Ukawa kama sikio la ng'ombe. Nikafurahi, nikidhani kulainika ndiyo kuiva. Na risasi nikaiweka chembani, kwa kuwa kwenye simu walisema mlinzi kamili hukaa tayari.

Sasa rudi Zagayu. Bosi, niliyepangiwa na kampuni kumlinda, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na siku ile alikwenda kuangalia madume kwa Mzee Masunga, askari wa wanyamapori mstaafu. Njia ilikuwa na mashimo, na nyuma ya pikapu nilirushwarushwa. Nilihisi bastola inapanda kidogo kidogo kutoka mfukoni. Ningegonga bati, dereva angesimama. Niliona aibu.

Tulipofika, mzee alikuwa ameketi mlangoni kwake anasuka kamba. Bosi akamsalimu, ikaja zamu yangu. Unajua kwetu kijana hamwamkii mzee akiwa wima kama nguzo. Nikachuchumaa mbele yake, nikainamisha kichwa, nikamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba." Na nilipochuchumaa, kitako cha bastola kikanichoma mbavuni, ilikuwa imetoka nusu. Kutazama kiunoni wakati naamkia niliona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo sikutazama. Nikaisukuma chini kwa kiganja, kwa nguvu, huku namtabasamia mzee.

Mdomo wa mfuko wangu laini ulikuwa umejikunja ndani. Ngozi ile ikaingia mbele ya triga, na kila nilivyosukuma chini ndivyo ngozi ilivyoivuta triga. Mlio ulitoka kabla mzee hajaitikia salamu.

Mwanangu, kidole changu hakikuwa kwenye triga. Nilimwapia kila mtu hivyo, na ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu. Minza, mkwe wa mzee, alikuwa anakuja nyuma yangu na kigoda cha bosi. Risasi ilichana suruali yangu na kumwingia mguuni. Hakupiga kelele. Aliketi chini, akakitazama kigoda, akasema, "Jamani, nimefanya nini?"

Alikuwa anauliza yeye amefanya nini.

Bosi na mume wa Minza wakampakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali Bariadi. Mimi nilibaki na mzee kusubiri polisi. Aliniambia niiweke bastola chini, mdomo uelekee ukutani, nisogee. Akaichukua kama mtu anayepokea mtoto mgonjwa. Akatoa magazini, kile kikasha cha risasi, kwanza, kisha akavuta risasi ya chembani, akatazama ndani, akaingiza na kidole kuhakikisha. Ndipo akaomba mfuko. Akaubonyeza kwa dole gumba, ukakunjika.

"Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe, baba."

"Umeshona vizuri sana." Akauweka magotini. "Na hii harufu?"

"Samli."

"Samli!" Nilidhani atacheka. "Yaani umeulainisha mwenyewe kwa mkono wako, kila wiki. Mbona hukutazama ulipokuwa unairudisha?"

"Nilikuwa nakuamkia, baba. Niliona ni dharau."

Akaukunja na kuukunjua mdomo wa mfuko kwa dole gumba. Halafu akasema, polepole, "Salamu yangu ina haraka gani? Ungesimama, ungeniambia, baba, subiri, nina kitu kibaya kiunoni, nikiweke sawa. Ningesubiri mpaka jioni. Umeniheshimu mimi kwa mguu wa mwanangu."

Polisi walikuja, nikahojiwa, kazi ikaisha. Hayo ni madogo. Wazee wetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakutuambia kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mwingine, aliyekuwa analeta kigoda. Minza alipoteza vidole viwili vya mguu, na kisigino hakikurudi sawa. Hawezi kusimama shambani siku nzima. Kila msimu wa palizi nakwenda Zagayu kumpalilia pamba, hakuna aliyenilazimisha. Mwaka jana alinipokea kwa mzaha wake uleule: "Karibu, lakini leo kaa nyuma yangu. Sikai nyuma yako tena, mguu mzima umebaki mmoja tu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikainama kwenye mistari ya pamba nisionekane uso.

Watu wa huruma waliniambia ajali haina kinga. Nilitaka sana kuliamini neno hilo. Lakini ile ilikuwa na kinga, ilikuwa kabatini kwangu, ya plastiki, mbaya, nimeiacha.

Basi nisikilize, kwa kuwa nimechoka na sitayasema haya mara mbili. Mfuko uwe mgumu, usiokunjika hata ukiwa mtupu, na uifunike triga yote. Usiulainishe, usiurekebishe, ukichakaa udai mwingine. Ukiirudisha bastola, simama. Acha salamu, acha maneno, acha simu inayoita. Kidole kinyooke ubavuni mwa bastola, mbali na triga. Shikilia shati kwa mkono mwingine, angalia kamba ya jaketi, tazama ndani ya mfuko kwa macho yako, kisha ingiza taratibu kama mtu asiye na pa kwenda. Ukihisi kitu kinazuia, usisukume hata kidogo. Itoe, ielekeze pasipo na mtu, utafute kinachozuia. Hakuna tuzo ya kurudisha haraka. Na ikiteleza ikaanguka, iache ianguke; mkono unaodaka huenda ukakamata triga. Ikishakaa mfukoni usiichezee. Ukiambiwa chemba iwe tupu, iwe tupu. Utakutana na mengi ya kwenye simu yanayokwambia vingine, lakini wale wa kwenye simu hawatakuja kumpalilia mtu pamba.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Jumatatu wakikupa bastola bila mfuko wake, au na mfuko uliolegea, wakakwambia jibane nao tu kwa sasa, irudishe mezani. Waambie hapana, kwa adabu. Wakikufukuza, rudi nyumbani mchana kweupe, uingie kwa mlango wa mbele. Baba yako nimeshamwambia. Hatakuuliza kitu, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupokea begi.

Mungu akupe macho ya kutazama kabla ya mkono kusukuma. Akupe uso mkavu mbele ya wanaokuharakisha. Siku utakapoiacha kazi hiyo, uiache pasiwe na nyumba yoyote unayoogopa kupita mbele yake. Nenda salama, mwanangu.