Mkeka Juu ya Punje

Jirani yangu hapa milimani Mixteca, Meksiko, Hermelinda, hapukusui mbegu kabla ya siku ya kupanda. Mahindi yake huning'inia na maganda juu ya meko, yakila moshi.

Mwaka mmoja mguu ulimlaza wiki mbili. Mkwewe Nereida, mke wa mwanawe na binti wa bondeni, akaona amsaidie. Akapukusua mahindi ya Hermelinda, akapukusua na yale aliyokuja nayo kutoka kwao, akamimina yote kapu moja. Yote meupe. Sasa hindi la bondeni huku juu hukutwa na baridi halijakomaa, na lile la Hermelinda, alilorithi kwa marehemu mama yake, hakuna mwingine aliyebaki nalo. Mvua ilikuwa mlangoni.

Hermelinda hakugomba. Alichambua punje kwa kidole mpaka uji wake ukapoa. Nereida naye akawa hali chakula.

Nikawapeleka shuleni kwa Isauro, bwana mbegu aliyekuja na hadubini yake. Akauliza kama ipo japo punje moja ya hakika. Hermelinda akakumbuka hindi lililobarikiwa kanisani siku ya Candelaria, mwezi wa pili, lililokaa madhabahuni kwake nyumbani. Panya walikuwa wamebakiza punje nne.

Isauro akaweka moja chini ya lenzi, kisha nyingine ya kapuni, akatazama. Akamwita mzee aone mwenyewe. Hermelinda, aliyesuka ukindu tangu utotoni, aliinama, akacheka.

"Hii ngozi yake ni mkeka wa mama, mistari imenyooka. Hii nyingine kasuka mlevi."

"Huyo mlevi ni wa kwetu, mama," Nereida akasema.

"Basi keti hapa umtafute ndugu yako. Macho yangu yamechoka."

Siku tatu Nereida hakubanduka, punje kwa punje. Zilizomtia shaka, Isauro alizitenga, zikaishia kuwa chapati. Za mama zikajaa vibuyu viwili: hazikutosha shamba zima la juu, lakini mistari kumi na mmoja ilipatikana. Mti wa kutobolea mashimo ya mbegu Hermelinda alimkabidhi mkwewe.

Mwezi wa kumi nilimsikia Nereida akiita kutoka shambani, mama mkwe aje haraka na kikapu, mkeka umekomaa. Leo juu ya meko yao kuna mafungu mawili ya mahindi. La bondeni limefungwa kamba nyekundu.